KUPIMA KAZI SI KUPIMA KIASI: Njia za Maabara za Kupima Utendaji wa Vimeng'enya, kwa Mifano ya Shinyanga na Geita

Kusini mwa Ziwa Viktoria, toka Shinyanga hata Geita, zipo mali mbili zijulikanazo na kila mtu: pamba juu ya ardhi na dhahabu chini yake. Zote mbili hupatikana kwa jasho, na zote mbili huambatana na sumu. Mkulima hupulizia dawa shambani ili kuua funza wa vitumba. Mchimbaji mdogo huchanganya mchanga uliosagwa na zebaki ili kunasa chembe za dhahabu, kisha huuchoma mchanganyiko huo mpaka zebaki ipae hewani na dhahabu ibaki. Sumu hizi hazifanani kwa asili wala kwa dalili. Hata hivyo, zikiisha kuingia mwilini, zote huwashambulia watumishi wa namna moja, yaani vimeng'enya.

Uchunguzi wa kisayansi si jambo geni katika nchi hii. Shinyanga ya zamani ilikuwa makao ya uchunguzi wa mbung'o chini ya C. F. M. Swynnerton, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1938, na kituo cha Ukiriguru karibu na Mwanza kimejulikana kwa kazi yake juu ya mbegu za pamba. Lakini kipimo cha vimeng'enya kina tatizo ambalo halimo katika kuhesabu mbung'o wala katika kuchagua mbegu. Kinachopimwa hakionekani, wala wingi wake sio unaotafutwa. Kinachotafutwa ni kazi yake. Makala haya yaeleza jinsi kazi hiyo inavyopimwa, na kwa nini maneno yatumiwayo kuitaja yaweza kumwokoa mtu au kumpoteza.

I. Jina na maana yake

Neno "kimeng'enya" limejengwa juu ya kitenzi "kumeng'enya", yaani kukivunjavunja chakula mpaka kifae kutumiwa na mwili. Jina linalotumika katika lugha za Ulaya lilibuniwa na Mjerumani Wilhelm Kühne katika miaka ya 1870, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya "ndani ya chachu". Basi waliobuni jina la Ulaya waliangalia pombe na mkate, na waliobuni jina la Kiswahili waliangalia tumbo. Kila jina lina haki yake, na kila moja laonyesha upande mmoja tu wa jambo. Mwanafunzi aliyelisikia neno "kimeng'enya" kwanza katika somo la chakula huenda akadhani kwamba vimeng'enya hukaa tumboni tu. Kumbe vimo katika damu, katika ini, katika figo, katika mishipa ya fahamu, na katika jani la pamba lenyewe.

Asili ya vitu hivi ilifahamika kwa hatua. Mwaka 1897 Eduard Buchner alionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa katika chachu, yasiyo na chembe hai hata moja, yaweza kuichachusha sukari. Mwaka 1926 James Sumner wa Marekani alipata fuwele za urezi, kimeng'enya alichokitoa katika aina ya maharage, naye akadhihirisha kwamba kimeng'enya ni protini. Tangu hapo imekubaliwa kwamba vimeng'enya, isipokuwa vichache, ni protini ziharakishazo mabadiliko ya kikemia bila zenyewe kwisha.

Ili kueleza mabadiliko hayo, sarufi ya Kiswahili ina maneno yanayofaa sana. Katika kila badiliko yuko mtenda, kipo kitendwa, na lipo zao. Kimeng'enya ndicho mtenda. Kitu kinachobadilishwa ndicho kitendwa. Na kitokeacho baada ya tendo ndicho zao. Maneno haya matatu yatatumika hapa chini, kwa kuwa hayamtaki msomaji ajifunze jambo jipya ila kulihamisha alijualo kutoka katika sentensi kulipeleka katika chupa ya maabara.

II. Kiasi na kazi

Mtu akipima sukari katika damu, hupima kiasi: ni miligramu ngapi katika mililita mia. Kwa kimeng'enya swali ni jingine, nalo ni hili: katika dakika moja, kimeng'enya kilichomo katika tone hili kimebadilisha kitendwa kiasi gani? Jibu lake si uzito bali ni kasi. Hii ndiyo maana ya kusema "utendaji" wa kimeng'enya.

Tofauti hiyo huonekana wazi katika kiwanda cha kuchambulia pamba. Mgeni aingiaye aweza kuhesabu mashine zilizomo na kuandika kwamba ziko 20. Hesabu hiyo ni kweli, lakini haimwambii kama kiwanda kinafanya kazi. Huenda mashine 12 zimekwama kwa mawe yaliyoingia pamoja na pamba. Akitaka kujua kazi, yampasa asimame mlangoni na saa yake na kuhesabu marobota yatokayo. Zaidi ya hayo, sharti ahakikishe kwamba pamba inayoingia ni ya kutosha. Kwani pamba ikiwa haba, marobota yatakuwa machache hata kama mashine zote ni nzima, naye atalaumu mashine kwa kosa la ghala.

Mambo yote makubwa ya kipimo cha kimeng'enya yamo katika mfano huu. Kwanza, kuhesabu protini si kupima kazi, kwa sababu sumu nyingi haziivunji protini, huikwamisha tu. Pili, kazi hupimwa kwa zao na kwa saa. Tatu, kitendwa sharti kiwe kingi. Jambo hili la tatu liliwekwa katika hesabu mwaka 1913 na Leonor Michaelis pamoja na Maud Menten, waliochunguza kimeng'enya kinachokata sukari ya miwa. Walionyesha kwamba kitendwa kikiongezwa, kasi huongezeka kwanza kwa haraka, kisha polepole, mpaka ikaribie upeo usiopitika, pale ambapo kila kimeng'enya kina kazi mkononi. Kiasi cha kitendwa kitoacho nusu ya kasi ya upeo ni alama ya kila kimeng'enya. Mpimaji hujitahidi kukiweka kitendwa juu sana ya alama hiyo, ili kasi aionayo itegemee kimeng'enya peke yake.

III. Masharti ya kipimo sahihi

Masharti manne hayana budi kutimizwa, na kila moja likivunjwa huleta uongo wa namna yake.

La kwanza ni kupima kasi ya mwanzo. Kadiri dakika zinavyopita kitendwa hupungua, zao hurundikana, na pengine kimeng'enya chenyewe huchoka. Basi kasi ya kuaminiwa ni ile ya dakika za kwanza, wakati mstari wa zao dhidi ya saa ungali umenyooka.

La pili ni joto. Kwa vimeng'enya vingi, joto likiongezeka digrii 10 kasi hukaribia kuwa maradufu, mpaka joto lizidi na protini iharibike. Damu ile ile ikipimwa asubuhi katika chumba cha digrii 22, na ikipimwa tena alasiri katika chumba cha digrii 32, yaweza kutoa majibu ya watu wawili. Kwa hiyo maabara hupima kwa joto lililowekwa, mara nyingi digrii 30 au 37, na jibu lisilotaja joto lake halina thamani.

La tatu ni uchachu wa maji ya kupimia. Kila kimeng'enya kina kiwango cha uchachu kinachokifaa, nacho hulindwa kwa chumvi maalumu zizuiazo uchachu usipande wala kushuka.

La nne ni kipimo tupu. Vitendwa vingine huvunjika vyenyewe bila kimeng'enya, na damu yenyewe ina rangi. Sharti kipimwe kichupa kisicho na kimeng'enya, au kisicho na kitendwa, na kasi yake iondolewe katika hesabu.

Majibu hutolewa kwa yuniti. Kwa mapatano ya kimataifa yaliyotangazwa mwaka 1961, yuniti moja ni kazi ya kubadilisha mikromoli moja ya kitendwa kwa dakika moja. Mwaka 1999 kipimo kingine, katali, kilikubaliwa rasmi, nacho ni moli moja kwa sekunde. Katali moja ni sawa na yuniti milioni 60, na kwa ukubwa huo hospitali nyingi zimebaki na yuniti.

IV. Njia tatu

Njia za kupima ni nyingi, lakini zaweza kupangwa katika mafungu matatu.

Ya kwanza ni njia ya kufuatilia. Zao au kitendwa kikiwa na rangi, kichupa huwekwa ndani ya spektrofotomita, chombo kipitishacho mwanga wa aina moja na kupima sehemu iliyomezwa. Rangi huongezeka au hupungua mbele ya macho, na kasi husomwa papo hapo. Mwanga wenyewe waweza kuwa ule usioonekana na macho: kitu kiitwacho NADH humeza mwanga wa nanomita 340, nacho kikiisha kupoteza hidrojeni yake hakiumezi tena, na juu ya tabia hiyo vimejengwa vipimo vingi vya hospitali.

Ya pili ni njia ya kusimamisha. Kimeng'enya huachwa kifanye kazi kwa dakika zilizopangwa, kisha tendo hukatizwa kwa magadi au asidi, na zao lililokusanyika hupimwa mara moja. Njia hii ni rahisi na hufaa pale vichupa vinapokuwa vingi; hatari yake ni kwamba mpimaji haoni yaliyotokea katikati. Kitendwa kikiwa kimekwisha dakika ya 5 na yeye akasimamisha dakika ya 15, atagawanya kazi ya dakika 5 kwa dakika 15, na mgonjwa ataandikiwa theluthi moja ya haki yake.

Ya tatu ni njia ya kuunganisha. Ikiwa zao halina rangi, huongezwa kimeng'enya cha pili ambacho hulichukua zao hilo na kulifanya kitendwa chake, nacho ndicho kitoacho badiliko linaloonekana. Hivyo ndivyo kinavyopimwa kimojawapo cha vimeng'enya vya ini: zao lake, piruveti, hupokewa na kimeng'enya cha pili kitumiacho NADH, na mwanga wa nanomita 340 husimulia habari. Sharti lake ni kwamba kimeng'enya cha pili kiwe kingi kupita kiasi, kisije kikachelewesha cha kwanza.

V. Mfano wa pamba: kolinesterasi

Neva inapouamrisha msuli humwaga kitu kiitwacho asetilikolini, na kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi hukivunja mara moja ili amri isirudiwe bila kikomo. Viuatilifu vya jamii ya organofosfeti, kama profenofosi na klopirifosi, hujibandika katika kiini cha kimeng'enya hicho na kukifunga. Asetilikolini hurundikana: mboni za macho husinyaa, jasho na mate hutoka, kifua hubana, misuli hutetemeka, na ikizidi mtu hushindwa kupumua. Wadudu hufa kwa njia hiyo hiyo.

Haiwezekani kumpasua mkulima neva ili kumpima. Kwa bahati njema asetilikolinesterasi imo pia katika chembe nyekundu za damu, na ndugu yake, butirilikolinesterasi, imo katika plazima. Tone la damu huwa shahidi wa yanayotokea katika neva.

Mwaka 1949 Michel alieleza njia ya kupima uchachu unaotokana na asidi inayotolewa asetilikolini inapovunjika. Kutokana na wazo hilo hilo kilipatikana kisanduku cha shambani cha Lovibond: tone la damu hutiwa katika maji yenye rangi ya bromothaimoli, asetilikolini huongezwa, na rangi igeukavyo hulinganishwa na vioo vya rangi vilivyopangwa kwa asilimia. Muda wa kungoja huamuliwa kwa damu ya mtu asiyegusa dawa, iliyowekwa chini ya joto lile lile. Njia hiyo haikuhitaji umeme, na ubora wake ulikuwa katika jicho la msomaji.

Mwaka 1961 George Ellman na wenzake walitoa njia ambayo ingali msingi wa vipimo vingi hata leo. Badala ya asetilikolini hutumiwa asetilithiokolini, yenye salfa. Ikivunjwa, hutoa thiokolini, nayo hukutana na kitu kiitwacho DTNB na kutoa rangi ya manjano ipimwayo kwa mwanga wa nanomita 412. Hapa pana mitego miwili. Hemoglobini nayo humeza mwanga mwingi karibu na nanomita hizo, ndiyo sababu vyombo vingine hupima kwa mwanga wa mbali kidogo. Tena asetilikolinesterasi, tofauti na ndugu yake wa plazima, hudumazwa na wingi wa kitendwa chake yenyewe; kwa hiyo ule ushauri wa kuzidisha kitendwa una mpaka wake hapa.

Hesabu yake yaweza kuonyeshwa kwa mfano. Chukua kichupa chenye mililita 3 za mchanganyiko, ambamo imo damu ya mikrolita 5, na kimeng'enya cha plazima kimezuiwa kwa dawa yake maalumu. Rangi yaongezeka kwa 0.073 kila dakika, na kipimo tupu chaonyesha 0.005, tofauti ni 0.068. Kipeo cha rangi hiyo ya manjano katika njia ya Ellman ni 13.6 kwa kila milimoli moja katika lita, kwa kichupa cha upana wa sentimita 1. Basi 0.068 ikigawanywa kwa 13.6 ni 0.005, yaani mikromoli 0.005 katika kila mililita kwa dakika. Mara mililita 3 ni yuniti 0.015. Kazi hiyo imetoka katika damu ya mililita 0.005, kwa hiyo mililita nzima ina yuniti 3.

Je, yuniti 3 ni nyingi au chache? Hapa ndipo hali ya nchi yenyewe inapoingia katika hesabu. Ikiwa damu hiyo ina gramu 0.12 za hemoglobini katika kila mililita, mtu huyo ana yuniti 25 kwa kila gramu. Chukua sasa mtu mwingine ambaye hajagusa dawa, lakini malaria na minyoo vimempunguzia damu mpaka hemoglobini ikawa gramu 0.08. Chembe zake ni chache, basi mililita ya damu yake itatoa yuniti 2 tu, na asiyejua atasema kwamba amepoteza theluthi ya kimeng'enya kwa sumu. Lakini 2 ikigawanywa kwa 0.08 ni 25, sawasawa na yule wa kwanza. Katika nchi yenye malaria nyingi, jibu la kolinesterasi ya chembe nyekundu lisilogawanywa kwa hemoglobini huwatia wagonjwa wa damu katika orodha ya waliodhuriwa na dawa, na kwa kosa hilo hilo huharibu ushahidi wa wale waliodhuriwa kweli.

Shida ya pili ni kwamba watu wazima wenye afya hupishana sana kwa utendaji wa kimeng'enya hiki. Aliyezaliwa na utendaji mkubwa aweza kupoteza theluthi nzima na bado akaonekana katika mpaka wa kawaida. Kwa ajili hiyo mtu hulinganishwa na nafsi yake: hupimwa kabla ya msimu wa kupulizia, na kipimo hicho huwa msingi wake. Katika jimbo la California, Marekani, kazi ikishuka chini ya asilimia 80 ya msingi, mwajiri hutakiwa kuchunguza namna dawa inavyotumiwa; ikishuka hadi asilimia 70 katika chembe nyekundu, au 60 katika plazima, mfanyakazi huondolewa katika kazi hiyo mpaka irudi kufikia 80. Ni kanuni njema, lakini yategemea kuwapo kwa mwajiri. Mkulima wa Shinyanga ndiye mwajiri na ndiye mwajiriwa, na asipopimwa kabla ya msimu hakuna baadaye awezaye kumwambia amepoteza kiasi gani.

Kurudi kwa kazi hiyo huchukua muda. Chembe nyekundu ikiisha kuingia katika mzunguko wa damu haitengenezi kimeng'enya kipya, nayo huishi yapata siku 120. Kwa hiyo kazi iliyofungwa kabisa hurudi kwa kadiri ya asilimia 1 hivi kwa siku, chembe mpya zinapozaliwa. Apuliziaye kila baada ya wiki mbili hulimbikiza hasara bila kuhisi dalili, mpaka siku moja dozi ndogo imwangushe.

Hapa Tanzania kipimo hiki kimewahi kutumiwa kwa wakulima wadogo wa kahawa, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2001. Yafaa pia kutaja mpaka wake: DDT na endosulfani za zamani, na pairethroidi zinazotumiwa sana siku hizi, hazifungi kolinesterasi. Jibu jema la kolinesterasi halithibitishi kwamba mtu hakuguswa na sumu. Lathibitisha tu kwamba hakuguswa sana na sumu za jamii hii.

VI. Mfano wa dhahabu: zebaki na figo

Katika Geita hali ni nyingine. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kazi mwaka 2000. Lakini maelfu ya wachimbaji wadogo wana maduara yao, makarasha yao na mialo yao, na zebaki yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachunguzi wa mradi wa Umoja wa Mataifa walipima zebaki katika miili ya watu wa Rwamagasa, wakaona kwamba walioathirika zaidi ni wachomaji. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki ulikubaliwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017.

Mvuke wa zebaki ukivutwa huingia katika damu, na hapo hutokea jambo la ajabu: katalasi, kimeng'enya kiulindacho mwili, ndicho kiugeuzacho mvuke huo kuwa zebaki yenye chaji, ambayo hushikamana na salfa ya protini na kuvikwamisha vimeng'enya vingi. Sehemu kubwa hutua katika figo.

Kipimo kinachofaa hapa hakitafuti kazi iliyopotea bali kazi iliyopotea njia. Ndani ya chembe za mirija ya figo kimo kimeng'enya kiitwacho kwa kifupi NAG, nacho ni kikubwa mno kupita toka katika damu hadi mkojoni kwa njia ya kawaida. Chembe za mirija zikiumia, huvuja. NAG huonekana katika mkojo kabla figo haijashindwa kazi. Hupimwa kwa njia ya kusimamisha: mkojo huchanganywa na kitendwa kisicho na rangi, na baada ya dakika zilizopangwa huongezwa magadi, ambayo hulikatiza tendo na papo hapo kulifanya zao kuwa la manjano. Kwa kuwa mkojo wa mtu aliyeshinda juani ni mzito kuliko wa aliyekunywa maji, jibu hugawanywa kwa kriatinini, kama lile la kwanza lilivyogawanywa kwa hemoglobini.

Basi mkulima huhofiwa utendaji unaposhuka, na mchimbaji huhofiwa utendaji unapopanda. Msomaji wa majibu asiyejua kimeng'enya kinatakiwa kukaa wapi hawezi kujua kama tarakimu kubwa ni heri au ni shari. Aidha NAG haimtaji mkosaji: kisukari, maradhi mengine ya figo na dawa kama gentamisini huipandisha vile vile. Lazima zebaki yenyewe ipimwe katika mkojo, ndipo shahidi na mshitakiwa wakutanishwe.

Wako wachenjuaji watumiao sayanidi. Hii hufunga kimeng'enya cha mwisho katika njia ya kupumua ya kila chembe ya mwili, na huua kwa dakika. Hapo hakuna nafasi ya kupima kimeng'enya. Tiba haingoji maabara. Kipimo cha utendaji hufaa kwa sumu zinazokwenda polepole na kurudi mara kwa mara.

VII. Safari ya sampuli

Kimeng'enya hakiachi kufanya kazi kwa sababu kimetiwa katika chupa, wala sumu haiachi kukifunga. Damu yenye masalio ya organofosfeti ikikaa katika joto, kimeng'enya huendelea kufungwa njiani, na jibu huonyesha sumu nyingi kuliko ilivyokuwa. Viuatilifu vya jamii ya kabameti hufanya kinyume: vifungo vyake hulegea vyenyewe, na sampuli iliyochelewa huonyesha mtu mzima wakati mwenyewe alikuwa mgonjwa. Hali kadhalika damu iliyotikiswa mpaka chembe zikapasuka humwaga kimeng'enya cha chembe ndani ya plazima. Na kidole chenye dawa, kikichomwa bila kuoshwa kwa sabuni, hutia sumu ndani ya tone lenyewe.

Kwa hiyo barafu na saa ni sehemu ya kipimo. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025, sampuli iliyotoka Geita kwenda Mwanza kwa barabara hiyo iliungoja ukingoni mwa ziwa wakati wa kivuko, na muda huo ulikuwa ndani ya jibu, iwe umeandikwa au haukuandikwa. Daraja limeupunguza ungojaji. Halikuondoa wajibu wa kuandika saa ya kutoa damu, saa ya kuipoza na saa ya kuipima.

VIII. Lugha ya majibu

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalowahusu wachunguzi wa lugha kuliko wanakemia. Mkulima huiita sumu yake "dawa": hununua dawa, hupulizia dawa, hupimiwa dawa kwa kifuniko. Jina hilo si kosa lake. Ni la kale, kwani dawa ya wadudu ni dawa kwa mmea. Lakini mtu huyo akiambiwa na mganga, "kimeng'enya chako kimepungua", atafahamu nini? Katika Kiswahili cha kila siku kilichopungua huongezwa. Damu ikipungua mtu hula mboga na kunywa vidonge. Maji yakipungua hutekwa mengine. Atarudi nyumbani kutafuta chakula bora, na kesho yake atalibeba bomba mgongoni. Lile neno "kupungua" limetoka katika lugha ya kiasi, na jambo lenyewe ni la kazi.

Kama angeambiwa, "kimeng'enya chako kimefungwa na dawa ya pamba, nacho kitafunguka polepole kwa miezi mitatu au minne ukiiacha", maana ingekuwa nyingine kabisa. Angeelewa kwamba kitu kipo lakini kimekwama, kwamba mkosaji ni ile dawa, na kwamba tiba ya kwanza ni kuacha. Vivyo hivyo mchomaji wa dhahabu aambiwaye kwamba NAG yake "imeongezeka" aweza kufurahi, kama mtu aliyeambiwa kwamba damu yake imeongezeka; akiambiwa kwamba figo "inavuja", hatafurahi.

Waundao istilahi za sayansi hujishughulisha mara nyingi na majina ya vitu, wakibishana kama kiitwe kimeng'enya au enzaimu. Ubishi huo una faida yake, lakini katika mambo haya vitenzi vina uzito zaidi ya nomino. Kufunga, kukwama, kuvuja na kurudi ni vitenzi ambavyo kila mtu wa Kahama na Katoro anavyo kinywani mwake tangu utotoni, navyo hueleza kazi ya kimeng'enya kwa usahihi usiopungua ule wa maabara. Fomu ya majibu ikiviacha na kuandika "kiasi: pungufu" hupotosha kipimo kilichofanywa kwa taabu yote iliyoelezwa hapo juu, na hasara yake humwangukia mtu yule ambaye damu yake ilitolewa ili asaidiwe.